Muulize Daktari wa Wanyama: Kashata katolewa makucha, sasa anakojoa kitandani

SWALI: Dada Daktari, pole na kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston na mume wangu, mtoto wetu wa miaka minne, na mama mkwe aliyekuja kutoka Moshi kutusaidia kulea. Tuna paka dume anaitwa Kashata. Mwaka jana tulinunua makochi ya ngozi, na Kashata akayaanza wiki ileile. Kisha akamparura mama mkwe mguuni. Mama ana kisukari, kidonda kikachelewa kupona, mume wangu akasema sasa basi. Kliniki ya hapa jirani wakatuambia wanaweza kumhasi na kumtoa makucha ya mbele kwa mpigo mmoja, bei nafuu. Tukakubali. Alirudi na bandeji, akachechemea siku kadhaa, akatulia.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Sasa tuko mwezi wa kumi na hali ni mbaya. Anakojoa kitandani kwetu na kwenye nguo za kufua. Sanduku lake la mchanga analisogelea, anaweka mguu mmoja, anautoa haraka kama kakanyaga kaa la moto. Kamng'ata mtoto mkononi, si mara moja. Dirishani hapandi tena. Kidole kimoja cha mguu wa kulia kimevimba na juzi nimeona majimaji. Nilirudi kliniki, wakaniambia ni tabia tu, paka ana kinyongo, nikauziwa dawa ya kupulizia ya kumtuliza. Mama mkwe anasema tumpe robo ya Panadol. Mume anasema tumpeleke kituo cha wanyama wasio na wenyewe. Nifanye nini?
Mama Kashata, Houston

JIBU: Mama Kashata, naanza na Panadol kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kumuua kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Usimpe. Si robo, si punje. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu. Dawa hugeuka sumu, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia, uso na miguu vinavimba. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumaliza paka. Hapo Houston mnaijua kwa jina la Tylenol, ni ileile. Mwambie mama, kwa heshima zake zote, kwamba nia yake ni njema na amelisoma tatizo vizuri kuliko kliniki: yeye peke yake hapo nyumbani ndiye aliyesema Kashata anaumwa. Dawa tu ndiyo siyo.

La pili ni la leo pia. Mtazame anapokojoa. Akiacha kidimbwi kitandani, mkojo unatoka, una siku chache za kupanga safari ya daktari. Lakini ukimwona anachuchumaa, anakaza, analia, na linatoka tone au halitoki kitu, mbebe usiku huohuo uende kliniki ya dharura. Mrija wa paka dume ni mwembamba, ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Kwa hiyo hata kama mimi nashuku miguu, mkojo upimwe kwanza. Daktari akianza na hilo, anafanya kazi yake sawasawa.

Sasa miguu. Nilisoma Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, na kule paka waliletwa kwetu kuhasiwa, kutolewa minyoo, kushonwa majeraha ya ugomvi. Upasuaji huu nimekutana nao huku Ohio, nilipoanza kama msaidizi kwenye kliniki ya wanyama kabla sijapata leseni. Kazi yangu ilikuwa kushika sinia. Paka mmoja akishamalizwa miguu ya mbele, kwenye sinia kunabaki vipande kumi, na kila kipande ni ukucha pamoja na mfupa wake. Wenye paka wengi hawaambiwi hivyo. Wanadhani kucha imeng'olewa, kama mtu anavyong'olewa ukucha uliokufa baada ya kujikwaa. Ukucha wa paka umeota moja kwa moja kwenye pingili ya mwisho ya kidole, hautoki peke yake usirudi. Ili usiote tena lazima pingili nzima ikatwe kwenye kiungo. Nyosha vidole vyako vya mkono, Mama Kashata, utazame pale juu ya kiungo cha mwisho. Ni hapo.

Ukiisha kulielewa hilo, mambo yote uliyoniandikia yanapangika.

Kidole kilichovimba, kinachotoa majimaji miezi minane baadaye, kwangu kina maana moja mpaka picha ionyeshe vinginevyo: kuna kitu kimebaki ndani. Pingili ile hukatwa kwa njia tatu. Ipo ya kisu, inayofuata kiungo taratibu. Ipo ya leza, ambayo hupunguza damu siku ile ya upasuaji. Na ipo ya koleo, chombo kilekile cha kukatia kucha za wanyama, ambacho ni cha haraka na ndicho mara nyingi huacha kipande cha mfupa upande wa chini. Kipande hicho kikiwa na chembe za mzizi wa ukucha, ukucha huota tena. Lakini hauna pa kutokea. Unaota umepinda, ndani ya nyama, unachoma, unafanya jipu. Jipu linapasuka, linatoa usaha, linajifunga, linaanza upya. Linaweza kutokea wiki chache baada ya upasuaji, na linaweza kusubiri miaka.

Wala usidhani ni bahati mbaya yako peke yako. Mwaka 2018 jarida la tiba na upasuaji wa paka lilichapisha utafiti wa paka 274, nusu yao wametolewa makucha na nusu wanayo. Kati ya wale 137 waliotolewa, eksirei zilionyesha mabaki ya mfupa kwa 86, yaani asilimia 63. Uwezekano wa kujisaidia nje ya sanduku ulikuwa mara saba hivi ya wenzao, wa kung'ata mara nne na nusu, wa kuwa na maumivu ya mgongo karibu mara tatu. Ukisoma barua yako sambamba na orodha hiyo utafikiri waliandika habari za Kashata.

Mgongo unaingiaje? Paka hutembea kwa ncha za vidole. Ukimwondolea ncha hizo, uzito unarudi nyuma kwenye pedi kubwa ya katikati, na hapo bega, mgongo na nyonga zote zinalazimika kujipanga upya. Tena ile kano iliyokuwa imeshikilia pingili ya mwisho kwa chini sasa haina pa kushika. Kwa paka wengine hujivuta na kukaza, vidole vinajikunja na haviwezi kunyooka. Paka wa namna hiyo ukimtazama akitembea juu ya sakafu ngumu unaona anakanyaga kwa tahadhari, na kuruka kwenda dirishani anaona ni kazi kubwa. Mshike mguu polepole ujaribu kunyoosha kidole. Kikigoma, mwambie daktari.

Na mchanga je? Hebu fikiria kidonda cha mfupa kinachofukuliwa ndani ya changarawe mara kadhaa kwa siku. Kashata si mjinga. Amejifunza kwamba pale pana maumivu, na godoro lenu ni laini. Kuhusu kinyongo, sijui aliyekuuzia dawa ya kupulizia alikisomea wapi. Paka hakai na kinyongo miezi minane. Anakaa na kidole kibovu miezi minane.

Fanya hivi. Rudi kliniki ile ukaombe nakala ya faili la upasuaji, usigombane nao, chukua karatasi uondoke. Tafuta daktari mwingine, ikiwezekana anayeshughulika na paka tu, Houston wapo. Mwambie unataka eksirei ya miguu yote miwili ya mbele, ipigwe kwa juu na kwa ubavu, vidole vikiwa vimetanuliwa, Kashata akiwa amepewa dawa ya usingizi maana hatakubali kuvutwa vidole akiwa macho. Waombe wapime na mkojo siku hiyohiyo. Wakikuta kipande, kidole hicho hufunguliwa, mfupa uliobaki hutolewa wote, usaha hupelekwa maabara ili antibiotiki ichaguliwe kwa jina na siyo kwa kubahatisha. Kano ikiwa imekaza, kuna upasuaji mdogo wa kuikata. Na maumivu ya mishipa ya fahamu yana dawa zake, gabapentini ni mojawapo, ila kipimo atoe daktari. Akikuandikia meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, ya kumnywesha kila siku, muulize habari za figo. Marekani dawa hiyo imewekewa onyo kali kwa paka kuhusu kurudiarudia dozi, na daktari mzuri hatakasirika ukiuliza.

Wakati unasubiri miadi, tupa ule mchanga wa mawemawe. Weka wa punje laini kabisa au vipande vya karatasi, katika sanduku jipya, pana, lenye ukingo mfupi wa mbele. Weka mawili, sehemu mbili tofauti, na lolote lisikae pale lilipokuwa la zamani, kwa sababu pale ana kumbukumbu napo. Godoro livalishe plastiki, nguo za kufua zifungiwe. Usimsugue pua kwenye mkojo, na hapo namwambia zaidi baba mwenye nyumba.

Nisikufiche: wapo wanaotolewa kipande na wiki chache baadaye wanaruka dirishani tena. Wapo ambao miguu inabaki ikiwauma kirahisi maisha yao yote, na unawatunza hivyo, kwa mazulia, mchanga laini na dawa. Kashata yuko kundi gani, eksirei itatangulia kusema.

Mtoto. Aking'atwa mkononi, osha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika kadhaa, kisha daktari siku hiyohiyo, hata kama ni vitundu viwili vidogo. Meno ya paka ni membamba, yanaingiza bakteria chini kabisa na ngozi inajifunga juu yao. Kwa mama mkwe ni vivyo hivyo na zaidi. Na hapa ndipo ninapowalaumu waliowashauri: mlikwenda kumkinga mama dhidi ya makucha, mkarudishiwa paka ambaye silaha yake iliyobaki ni meno, yaliyo hatari zaidi kwa mwenye kisukari. Hata miongozo ya Marekani kwa watu wanaoishi na VVU, ambao kinga yao ni dhaifu, haishauri paka atolewe makucha. Inashauri, pamoja na mengine, asichezewe michezo ya kuparurana.

Mume wako nampa jibu fupi. Paka anayekojoa nje na kung'ata akipelekwa kituoni, ni vigumu kumpata wa kumchukua. Mtibuni kwanza.

Kama unajiuliza mbona Texas wanaruhusu: sheria ya jimbo haijakataza, ila jiji la Austin, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka kwako, lilipiga marufuku 2021. New York ilikuwa jimbo la kwanza, 2019, Maryland ikafuata 2022 na Virginia 2024. Uingereza huwezi kumpata daktari wa kukufanyia kwa sababu ya makochi hata uwe na fedha kiasi gani.

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko Dar es Salaam, Mikocheni. Bosi wangu Mmarekani amemaliza mkataba, anarudi kwao, ameniachia paka jike wa miaka sita. Ndipo akaniambia kwamba miguu ya mbele hana makucha, alifanyiwa kwao akiwa mdogo. Nyumba yetu ina ua na miembe, paka wetu wengine hushinda nje. Huyu naye nimwachie? Na chakula chake cha kopo siwezi kukimudu kila siku.
Msomaji, Mikocheni

JIBU: Marahaba. Usimwachie. Paka wa Mikocheni akikutana na mbwa huokolewa na mwembe, na mwembe hupandwa kwa makucha ya mbele. Huyu wako atafika shinani na kuteleza. Hata akikutana na paka shume anayepita ukutani usiku, atakuwa anapiga makofi matupu. Mwache ndani, au umtoe na mkanda wa kifuani jioni ukiwa naye. Wavu wa mbu dirishani unamtosha kukaa akitazama kunguru.

Kabla bosi hajapanda ndege, mbane akupe faili lote: alifanyiwa lini, miguu miwili au minne, amewahi kuchechemea, amewahi kukojoa nje. Mwulize hasa hilo la mwisho, maana wenye paka huwa wanalisahau kwa hiari. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe cha sasa, na wewe uendelee kumchanja, hata kama hatoki.

Kwa miaka sita anaweza kuwa mzima kabisa, wapo wengi wanaoishi bila shida ya kuonekana. Lakini kaa chini umtazame akishuka kutoka kitini. Akisitasita, akitua kwa kishindo, akiondoa mguu ukimgusa nyayo, akijilamba eneo moja mpaka manyoya yakaisha, mpeleke akapigwe eksirei. Makucha ya nyuma anayo, kwa hiyo hayo yakatwe ncha kama ya paka mwingine yeyote.

Choo chake usimwekee kokoto. Mchanga laini wa mto, uliochekechwa, unafaa. Wa baharini uoshe kwanza chumvi. Maranda ya fundi seremala mimi siyapendi kwa paka wa namna hii, yana vibanzi.

Chakula: dagaa waliochemshwa bila chumvi, kuku, maini mara mojamoja tu, yasizidi. Mbadilishie taratibu kwa siku kama kumi, la sivyo utafua mazulia.

SWALI: Daktari, nimesoma mtandaoni kwamba Marekani paka hutolewa makucha ili asiharibu makochi. Wangu anamaliza kochi langu hapa Arusha. Huku hufanyika wapi na kwa bei gani?
Mwenye Kochi, Arusha

JIBU: Mwenye Kochi, natumaini umeanza kusoma juu na siyo hapa. Bei sikutafutii.

Nenda dukani kanunue kamba ya katani. Huku Marekani nguzo za kukwaruzia paka zinazouzwa ghali huzungushiwa katani, na katani ndiyo sisi. Mkonge uliletwa Tanga kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ikafika hai miche 62 tu, na leo ninapita kwenye maduka ya Columbus, huku Ohio, nikiona watu wanailipia dola kwa urefu wa mkono. Wewe unaipata kwa fundi wa kamba.

Chukua gogo au bomba nene, urefu usipungue sentimita 80, paka anataka kujinyoosha mpaka mwisho ndipo avute. Mtengenezee kitako kizito. Nguzo ikiyumba mara moja, hairudii tena, anarudi kwenye kochi ambalo haliyumbi. Zungusha kamba kwa kubana, mizunguko igusane, pigilia juu na chini misumari isiyotokeza. Kosa la wengi ni kuiweka nguzo uani au nyuma ya mlango ili isionekane. Iweke palepale anapoharibu, ubavuni mwa kochi, hata kama wageni watashangaa. Paka hakwaruzi kwa ukorofi: anabambua ganda la nje la ukucha lililochakaa, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu kutoka kwenye tezi za vidole ili ijulikane sebule ni ya nani. Atafanya hayo mahali panapoonekana. Kochi lifunike shuka gumu au plastiki kwa wiki kadhaa mpaka aizoee kamba.

Kila baada ya wiki mbili tatu kata ncha za makucha. Bonyeza kidole kidogo ukucha utokeze, kata ile sehemu ya ncha inayopenya mwanga, acha mbali ile ya waridi, ndiyo yenye damu na fahamu. Kikata kucha cha binadamu kinafaa kama ni kikali. Vidole viwili leo, vitatu kesho, baada ya chakula akiwa amesinzia. Akianza kupigapiga mkia, mwachie.